Mama anameza ARV (dawa za virusi vya UKIMWI) miaka mingi, virusi havionekani kwenye vipimo, lakini sasa ana kiu isiyoisha. Naomba ushauri

Binti wa Busia
Habari zenu wapendwa. Mama ana miaka 61 na hakosi dozi. Ila tangu abadilishiwe, akapewa kidonge cha mchanganyiko chenye dolutegravir, amenenepa. Siku hizi anakunywa maji kutwa, usiku haishi kwenda chooni, na nyayo zinamfa ganzi. Majirani wanasema aache ARV ajaribu mitishamba. Nifanyeje jamani? Nina hofu.

Mkunga Tororo
Pole sana dada. Mama asiache dawa hata siku moja. Kesho asubuhi, kabla ya chai, apimwe sukari. Uganda ilianza kugawa dolutegravir mwaka 2018, na madaktari wakaona wagonjwa wachache, hasa wenye umri mkubwa, sukari ikiwapanda vibaya baada ya kubadilishiwa. Akianza kutapika, kupumua kwa kasi au kusinzia ovyo, msingoje kuche, mkimbizeni hospitali. Na akiandikiwa metformini, dawa ya kushusha sukari, mwambieni daktari kuwa anameza dolutegravir, kwa sababu inaongeza metformini mwilini. Kwa kawaida dozi ya metformini hapo haivuki miligramu 1000 kwa siku.

Mzee wa Arua
Binti yangu, nami naishi na virusi tangu enzi za kuuita ugonjwa huu slim. Tulidhani tukivuka TB na homa ya uti wa mgongo tumepona. Kumbe virusi hata vikitulizwa, kinga ya mwili haipumziki, na mishipa ya damu inachakaa mapema. Ndiyo maana wengi wetu tuliozeeka nao tunasumbuliwa na presha, moyo na figo. Kila nikichukua dawa naomba nipimwe presha. Muombee mama naye apimwe, foleni ni ndefu na mhudumu anaweza kusahau.

Binti wa Busia
Asanteni mno. Na ganzi je? Alimeza stavudini, ARV ya zamani, halafu mwaka jana isoniazidi ya kuzuia TB.

Mkunga Tororo
Hapo umesema jambo kubwa. Zote mbili huumiza neva, isoniazidi hasa ikimezwa bila vitamini B6. Virusi vyenyewe pia, na sukari pia. Andika kila dawa aliyowahi kumeza, daktari aione. Uliza na lini alipimwa saratani ya mlango wa kizazi, maana hatari yake kwa mwanamke mwenye virusi ni kama mara sita ya asiye navyo. Kwa sasa avae viatu hata ndani ya nyumba, na wewe umkague nyayo kila jioni, maana akijikata anaweza asisikie.