Matango chotara kwenye kitalu nyumba: maua ni mengi, matunda yanakufa yakiwa madogo

BustaniTengeru ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa kilimo cha matango. Nyuma ya nyumba yangu hapa Tengeru, mkoani Arusha, nina kitalu nyumba kidogo cha nailoni chenye neti ya kuzuia wadudu pande zote, na msimu huu nimepanda humo matango ya mbegu chotara niliyoinunua kwenye duka la pembejeo. Kabla ya kupanda niliweka samadi ya kuku iliyooza vizuri, ninamwagilia kwa mipira ya matone, na kila mmea umefungwa kwenye kamba inayopanda hadi kwenye waya wa juu. Machipukizi yote ya pembeni nimekuwa nikiyaondoa, kama wanavyoelekeza kwenye video nyingi za vitalu nyumba.

Mimea ni mizuri mno kwa kuitazama. Majani ni mapana na ya kijani kibichi, na maua yamejaa. Tatizo ni kwamba vitango vidogo vinavyoonekana nyuma ya maua hufikia ukubwa wa kidole gumba, kisha huanza kuwa vya njano kwenye ncha, hunyauka na kudondoka. Vichache vinavyoendelea kukua huwa vimepinda, vingine ni vinene upande wa kikonyo na vyembamba kama mkia upande wa pili. Sijaona ukungu kwenye majani, na nikivipasua vitango vilivyodondoka sikuti funza ndani. Jirani ananiambia niongeze mbolea, na muuzaji wa pembejeo ananishauri nipulize dawa. Naomba kujua chanzo hasa kabla sijatumia fedha zaidi.

---

BwanaShamba_Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu wa Tengeru, umefanya vema kuuliza kabla ya kupuliza dawa, kwa sababu maelezo yako hayaonyeshi ugonjwa wala mdudu. Tango linalokauka kuanzia kwenye ncha likiwa na ukubwa wa kidole gumba, na lile linalokua likiwa limejaa upande mmoja tu, kwa kawaida ni tango ambalo ua lake halikuchavushwa au lilichavushwa nusunusu. Jambo la kwanza kulichunguza ni aina ya chotara uliyoipanda. Neno «chotara» kwenye pakiti linakueleza tu kwamba mbegu imetokana na wazazi wawili waliochaguliwa. Halikuelezi tunda lake hutungwaje, na kwa mkulima wa kitalu nyumba hilo ndilo linaloamua kama atavuna.

Kundi la kwanza ni matango ya kienyeji na aina za zamani kama Ashley na Marketmore, ambayo hubeba maua ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja. Ua dume hukaa juu ya kikonyo chembamba kisicho na kitu, na mara nyingi hutokea kwa mafungu. Ua jike huwa na kitango kidogo nyuma yake tangu siku linapochanua. Chavua ya tango ni nzito na inanata, hivyo upepo hauwezi kuibeba, na kazi hiyo hufanywa na nyuki. Ua jike hupokea chavua kwa siku moja tu, hasa asubuhi, na linahitaji kutembelewa na nyuki mara kadhaa ndipo tunda lijae sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Chotara nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mashamba ya wazi zina tabia hiyo hiyo. Ukizipanda ndani ya neti ambayo nyuki hapenyi, zitachanua na kustawi kama ulivyoeleza, lakini hutapata kitu cha kupeleka sokoni.

Kundi la pili ni chotara zinazotoa maua ya kike karibu yote. Tabia hii iliingizwa kwenye uzalishaji wa mbegu na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walioipata kwenye tango lililotoka Korea, na chotara za kwanza za namna hiyo zikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ninalitaja hili kwa kuwa wengi huchanganya kundi hili na la tatu. Mmea kuwa na maua ya kike tupu hakumaanishi kwamba hauhitaji chavua. Ndiyo maana baadhi ya pakiti za kundi hili huchanganywa na asilimia kama 10 au 15 ya mbegu za aina yenye maua dume, ili shambani ipatikane chavua ya kutosha.

Kundi la tatu ndilo lililokusudiwa kwa kitalu nyumba. Hizi ni chotara ambazo tunda lake hukua bila uchavushaji wowote, na kwa sababu hiyo halina mbegu au lina ganda laini la mbegu changa tu. Nyuki kwao si msaada: wakiingia na chavua ya tango lingine, tunda huweka mbegu na huweza kuvimba mwishoni kama kibuyu. Pakiti nzuri hutaja wazi kama aina hiyo ni ya kitalu nyumba na kama inahitaji uchavushaji. Kama pakiti yako haisemi, nenda kaangalie maua yenyewe. Ukikuta madume na majike, jibu umelipata. Ukikuta majike tupu na hata hivyo vitango vinakufa, rudi hapa tuzungumzie baridi, mwanga, na wingi wa matunda ambayo mmea unajaribu kuyabeba kwa wakati mmoja.

Kuhusu ushauri wa jirani, usiongeze mbolea yenye naitrojeni nyingi kwa sasa. Umeshaweka samadi ya kuku, na majani yako yanaonyesha kwamba naitrojeni ipo ya kutosha.

---

BustaniTengeru ameandika:

Nakushukuru sana, Bwana Shamba. Nimekwenda kuangalia asubuhi hii. Yapo maua ya aina zote mbili, na ya kiume yenye vikonyo vitupu ndiyo mengi, hasa sehemu ya chini ya mmea. Pakiti bado ninayo. Imeandikwa F1 (yaani chotara wa kizazi cha kwanza), siku za kukomaa na nafasi ya kupanda, lakini haitaji kitalu nyumba popote. Je, ning'oe nianze upya, au mimea hii inaweza kuokolewa? Na je, nikishapata tango zuri, ninaweza kuliacha likomae nikachukua mbegu za msimu ujao?

---

MkulimaWaUsaRiver amejibu:

Usiing'oe, ndugu. Mimea yenye afya namna hiyo ina mavuno mbele yake ikihudumiwa. Mimi hulima matango hapa Usa River, na kwa eneo dogo la nyumbani uchavushaji wa mkono unawezekana kabisa, mradi ufanywe kila siku bila kuruka.

Ingia kitaluni asubuhi mara maua yanapofunguka na kabla jua halijawa kali. Chuma ua dume lililochanua siku hiyo hiyo, uone kama lina unga wa njano katikati, kisha bandua petali zake taratibu libaki kama kijiti chenye kichwa. Kichwa hicho ukiguse na kukizungusha kidogo katikati ya ua jike lililofunguka, ukihakikisha unagusa sehemu zote za stigma, yaani ile sehemu ya katikati inayopokea chavua, kwa maana upande usiopata chavua ndio unaosababisha tango kupinda. Dume moja linaweza kuhudumia majike mawili au matatu. Funga uzi wa rangi kwenye kila ua ulilolichavusha. Baada ya siku chache utaona tofauti kwa macho: kilichochavushwa hurefuka haraka na ncha yake hubaki kijani.

Wengine watakushauri ufungue neti ili nyuki waingie. Inafaa kwa mwenye kitalu kikubwa asiyemudu kazi ya mkono, lakini neti hiyo hiyo ndiyo inayowazuia inzi weupe na vidukari, na vidukari ndio wanaoeneza virusi vya batobato vya matango, ambavyo havina dawa mmea ukishaambukizwa. Kwa mistari michache ya nyumbani, mimi ningefunga neti na kutumia mikono. Ukiamua kufungua, usipulize kiuatilifu chochote asubuhi nyuki wanapofanya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo naona ni zito kuliko linavyoonekana kwenye swali lako. Umesema unaondoa machipukizi yote ya pembeni. Mtindo huo ni wa zile chotara za kundi la tatu alilolitaja Bwana Shamba, ambazo hubeba matunda kwenye kila pingili ya shina kuu. Aina yenye maua mchanganyiko huweka madume mengi kwenye shina kuu na majike mengi kwenye matawi ya pembeni, hivyo kila chipukizi unalolikata linaondoka na sehemu ya mavuno yako. Kuanzia leo, ondoa machipukizi ya karibu na ardhi tu, hadi kimo cha goti hivi, ili hewa ipite. Ya juu yaache yatoe ua jike la kwanza au la pili, kisha kata ncha jani moja mbele ya tunda. Kitalu kitaonekana kimejaa kuliko kwenye video, lakini utavuna.

Tango likifikia ukubwa wa kuliwa, lichume, na uvune kila baada ya siku mbili au tatu. Tango likiachwa linenepe hadi libadilike rangi, mmea huelekeza nguvu zake kwenye mbegu za tunda hilo, na vitango vichanga vilivyo juu yake husimama kukua.

---

ShambaniTanga amejibu:

Naomba niongeze neno kwa faida ya wasomaji wa mwambao, maana picha za vitalu nyumba vya Arusha na Lushoto zimewashawishi wengi huku kwetu. Tango hufurahia joto la nyuzi 20 hadi 30 hivi. Nailoni iliyofungwa huko milimani huongeza joto ambalo usiku wa kipupwe huliondoa, lakini Tanga au Dar es Salaam, mwezi wa Januari au Februari, hewa ndani ya nailoni hupita kiwango hicho mapema mchana. Joto kali huzidisha maua dume, hupunguza majike na kudhoofisha chavua, kwa hiyo mtu hujikuta amegharamia jengo linalompunguzia mavuno.

Kwa bustani ya nyumbani huku pwani, ninashauri chotara za shamba la wazi zilizopandwa kwenye fito na kamba, na neti ya kivuli kwa juu jua linapokuwa kali. Nyuki watafanya kazi yao bure. Adui mkubwa nje ni inzi wa matunda, ambaye hutoboa tango changa na kutaga mayai ndani. Tunda huoza na funza huonekana ukilipasua. Vifunike vitango kwa mifuko ya karatasi mara vinapotungwa, na matunda yote yaliyotobolewa yakusanywe na kufungiwa kwenye mfuko wa plastiki juani hadi funza wafe. Ukiyatupa tu pembeni ya shamba, funza huingia ardhini na kurudi wakiwa inzi. Unyevu wa pwani pia huleta upesi ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani, kwa hiyo mwagilia chini kwenye mizizi wala usilowanishe majani jioni.

---

BwanaShamba_Mstaafu amejibu:

Ninakubaliana na wenzangu wote wawili, hasa juu ya machipukizi, jambo ambalo nilipaswa kuliuliza mapema. Nijibu swali la mbegu lililobaki.

Mbegu utakazozitoa kwenye tango chotara zitaota, lakini watoto hawatafanana na mama yao wala hawatafanana wao kwa wao. Ule usawa wa umbo, uzao na ukinzani wa magonjwa ulioulipia dukani hutawanyika katika kizazi cha pili, na kitalu nyumba ni mahali ghali mno pa kufanyia jaribio la namna hiyo. Anayetaka kujihifadhia mbegu apande aina isiyo chotara, kwa mfano Ashley, mbali na matango mengine, kwa kuwa nyuki huchanganya chavua kwa umbali mkubwa. Maboga na matikitimaji yaliyo karibu hayana madhara, kwani hayazai na tango. Tunda liachwe mmeani hadi liwe la njano kabisa, mbegu zivundikwe pamoja na ute wake kwa siku mbili au tatu, zioshwe, na zikaushwe kivulini.

Kwa msimu ujao, mwombe muuzaji chotara ya kitalu nyumba isiyohitaji uchavushaji, na uisome pakiti ukiwa bado dukani, ikiwa ni pamoja na kuangalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mbegu hizo ni ghali na pakiti huwa na punje chache, hivyo zisipandwe ovyo ardhini. Panda punje moja moja kwenye trei, uhamishe mche ukiwa na majani halisi mawili au matatu, na usiiguse mizizi. Kwenye aina hiyo ndipo utaondoa machipukizi yote, pamoja na vitango vya pingili za chini hadi kimo cha sentimita 60 hivi, ili mmea ujenge mizizi kwanza, halafu uache tunda moja kwa kila pingili. Epuka kuhamisha miche mwezi Juni au Julai, kwa kuwa usiku wa Tengeru wakati huo una ubaridi unaodumaza tango.

Usirudie matango kwenye udongo huo huo msimu baada ya msimu. Minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi, hujijenga ardhini ndani ya kitalu nyumba kuliko nje, na nyanya haifai kupokezana nayo kwa kuwa nayo hushambuliwa. Unapong'oa mimea hii mwishoni, tazama mizizi: ukiona vinundu, chukua mizizi hiyo pamoja na udongo wake uipeleke TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, hapo hapo Tengeru, wakuangalizie kabla hujapanda kitu kingine.