Tanki la lita 400 limeinama: kabari, miguu ya skrubu, povu au saruji?

Kambare_Mpole
Wakuu, habari za leo. Nina tanki la sentimita 150 kwa 50, kimo 55. Nimelijaza wiki mbili zilizopita na samaki wamo. Jana nimekaa mbali kidogo nikaona maji upande wa kulia yamekaribia ukingo kuliko kushoto. Nikapima kwa rula, tofauti milimita 8. Sakafu ni vigae juu ya zege, meza ni ya mbao. Njia nilizosikia ni kabari chini ya meza, miguu ya skrubu, shiti la povu kati ya tanki na meza, au kusawazisha sakafu kwa saruji. Moyo wangu uko kwenye povu maana ndilo jepesi. Mnasemaje?

Mzee_wa_Changarawe
Povu futa. Kazi yake ni kumeza vijinundu vya ubao na chembe za mchanga zilizobaki chini ya kioo. Upande ulioinama halinyanyui, litabonyea na tanki libaki vilevile. Tena chungulia kitako: kama kuna fremu ya plastiki, uzito unabebwa na fremu pembezoni na kioo cha chini hakigusi meza. Hapo povu linaweza kukisukuma kioo kwa chini. Ni la matanki yasiyo na fremu, basi.

Binti_Maji
Mimi langu lina miguu ya skrubu na nalipenda. Unazungusha spana, umemaliza. Na milimita 8 mbona si balaa? Mgandamizo wa maji hufuata kina, na 8 juu ya 500 ni kitu kidogo.

Fundi_Mbao
Dada, kwa hesabu ya kina uko sawa, ila kuinama na kupinda ni maradhi mawili. Likiinama lote kwa pamoja, kioo hakioni tofauti kubwa, ni macho yako tu yanayoumia. Pembe moja ikizama peke yake, tanki linanyongeka na silikoni, ile gundi ya maungio, ndiyo inayovutwa. Hilo ndilo linalopasua.

Kambare, pima pembe zote nne, toka ukingo wa chini wa kioo hadi usawa wa maji. Pimamaji huihitaji, maji yenyewe yanatosha. (Na pimamaji yoyote igeuze kichwa mkia palepale. Ikisoma tofauti, ni mbovu.) Kisha jumlisha pembe kwa mshazari: mbele kushoto na nyuma kulia, halafu mbele kulia na nyuma kushoto. Jumla zikilingana, limeinama tu. Zikiachana, limepinda.

Kambare_Mpole
Nimepima. Mbele kushoto 502, nyuma kushoto 502, mbele kulia 510, nyuma kulia 507.

Fundi_Mbao
1009 na 1012. Limepinda milimita 3, na mwenye kosa ni pembe ya mbele kulia. Usilale na hilo.

Miguu ya skrubu kwa sakafu yako naiogopa. Maji ni kama kilo 370, kioo kama cha milimita 10 ni kilo 75 hivi, weka changarawe na meza, umepita nusu tani. Ukigawa kwa miguu minne, kila mmoja una zaidi ya kilo 125 juu ya duara dogo. Gonga vigae kwa kifundo cha kidole. Kikilia mvungu, mguu utakipasua. Anayetaka miguu aweke mingi, na bamba pana chini ya kila mmoja.

Kwako ni kabari, za plastiki ngumu. Za mbao laini hubonyea, na zikilowa ndiyo basi. Ziingie chini ya meza, kamwe zisiwe kati ya meza na tanki. Usiishie pembeni tu: jaza kila baada ya sentimita 30 hivi upande ulioshuka, la sivyo ubao wa chini utalegea katikati.

Binti_Maji
Saruji je?

Mzee_wa_Changarawe
Ingefaa kabla tanki halijaingia. Sasa ahamishe kila kitu, amwage, asubiri ikauke vizuri... kwa milimita 8? Hapana. Kambare, punguza maji yabaki robo, nyanyua meza kwa jeki taratibu, chomeka.

Fundi_Mbao
Mzee, hapo sikubaliani nawe. Robo ni karibu kilo 100 zinazocheza ndani ya tanki ambalo tayari limepinda. Toa yote. Samaki kwenye ndoo zenye pampu ya hewa, na sponji za kichujio zibaki ndani ya maji ya tanki, zikikauka bakteria wanaosafisha maji wanakufa.

Mzee_wa_Changarawe
Nimefanya hivyo mara mbili bila shida. Lakini sawa, lake limepinda, langu lilikuwa limeinama tu.

Kambare_Mpole
Nimerudi. Nilitoa yote, changarawe pia. Kigae cha mbele kulia kimelia mvungu kweli, kwa hiyo nimesogeza meza sentimita 20 kushoto, ndipo nikaweka kabari. Nilijaza hadi nusu nikapima, nikajaza, nikapima tena leo asubuhi: 505, 505, 506, 506. Samaki wote wazima, ila mmoja hajatoka nyuma ya jiwe tangu jana.

Binti_Maji
Zima taa leo, atatoka.