Matapeli wa email wanatuona sisi mazezeta? Na nyie mnaowacheka waliopigwa, basi jamani

Wakuu nimeamka na hasira. Usiku mmoja tu nimekuta email sita, SITA. Ya kwanza mjane sijui wa nani, marehemu mume alikuwa bosi wa mafuta, yeye ana kansa ya koo na madaktari wamempa miezi miwili, sasa kati ya watu bilioni 8 Mungu kamuonyesha mimi nimgawie yatima dola milioni 10.5. Nyingine nimeshinda bahati nasibu ya Hispania, tiketi nilinunua lini? Halafu kuna FBI wa Gmail anataka dola 250 ya cheti ili hela zangu ziachiwe. Tangu lini FBI wakamwandikia mtu wa Kihonda kumuomba hela ya cheti!!

Abacha, yule dikteta wa Nigeria, kafa 1998 na mpaka leo kuna watu wanajifanya mke wake wanatafuta akaunti ya kufichia mabilioni. Hadithi ileile, miaka nenda rudi.

Sasa kilichonichoma. Mama yangu mdogo, mwalimu mstaafu, alitoa 850,000 ya kiinua mgongo chake kwa "mjane" wa namna hiyohiyo. Kusema nyumbani, watu wakacheka. Braza anauliza mtu mzima na akili zake anaaminije vitu kama vile, nikatoka nje maana ningesema mabaya.

Kuna mtafiti wa Microsoft anaitwa Cormac Herley, 2012 alieleza hili jambo vizuri sana, kwamba ule upuuzi una kazi yake. Kutuma email milioni ni karibu na bure, kinachomla tapeli muda ni kuchat na wanaojibu, kwahiyo anataka wenye mashaka wajitoe mapema wenyewe abaki na yule ambaye hatashtuka. Ni chekeche ile. Wewe uliyecheka ukafuta, hata hakuwa na shida na wewe, alikuwa anamtafuta mama mdogo, mume ana mwaka mmoja kaburini, nyumba kimya, anatokea mtu anamwandikia kila siku "dada mpendwa katika Kristo, umelalaje".

Na msiniambie ni ushamba. Mkurugenzi wa benki Brazil, Banco Noroeste, kati ya 1995 na 1998 alitoa dola milioni 242 za benki kwa ajili ya uwanja mpya wa ndege wa Abuja ambao haukuwepo, kisa kuna jamaa alijifanya gavana wa benki kuu ya Nigeria. Yule alikuwa na suti na wanasheria. Mama mdogo alikuwa na simu ya kuazima bando.

Juzi kaletewa nyingine, "wakili" anadai waliomtapeli wameshakamatwa na hela yake yote inarudi, atume tu 150,000 ya kufungua faili. Yaani wameuziana jina lake. Akanipigia, sauti ya chini kabisa, "mwanangu, na hii nayo ni ya uongo?"