Kusali kwa mazoea ni kosa?

Mchuma chai, Tukuyu: Bwana asifiwe wapendwa. Natoka nyumbani na ukungu, njiani nasali Zaburi 121, ileile kila siku. Kijana wangu anasema ni mazoea tu, Roho hayumo. Niache?

Mzee wa kanisa, Rungwe: Usiache, mama! Soma Danieli 6:10. Amri ya kukataza kumwomba Mungu ilipotoka, Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Hakuanza siku ya hatari. Na sisi Wamoraviani, wazee wetu wa Herrnhut, Ujerumani, walianza zamu za maombi usiku na mchana mwaka 1727, zikadumu zaidi ya miaka 100.

Dada wa Makambako: Kijana ana hoja kidogo, mdomo huweza kwenda wenyewe. Mimi husimama kwenye mstari mmoja, nataja watu: wanangu, jirani mgonjwa, hata aliyenidhulumu shamba.

Mchuma chai: Asanteni. Naendelea, na kijana nitamtaja.