Mrejesho: Jirani aliyeziba njia ya ziwani

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona nilipoomba ushauri hapa: jirani yetu huku Mwanza alizungusha seng'enge akakatisha njia ya kwenda ziwani, akajenga gati la mbao na kutangaza kuwa ufukwe ni wake.

Mlioniambia nianze kwa mwenyekiti wa mtaa, nilianza. Akatuita, jirani hakutokea. Nikaenda Baraza la Kata. Aliyenikumbusha kuwa tangu 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halihukumu, aliniokoa na matarajio hewa. Kilichomlainisha jirani ni ule ushauri wa mita 60: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa ziwa. Mzee mmoja mvuvi alileta kamba ya nyavu, tukapima mbele ya wajumbe. Seng'enge yote ilikuwa ndani. Jamaa ghafla akawa mpole!

Njia imefunguliwa, tumeandikishana na kusaini. Ila ni nyembamba: mama mwenye ndoo kichwani anapita, pikipiki yenye matenga ya samaki haipiti. Na gati bado lipo, mlangoni kufuli. Anadai ana kibali, kukionyesha hataki. Hilo nimelipeleka kwa afisa mazingira wa halmashauri, nasubiri. Likikwama, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Picha za njia kabla ya uzio zilisaidia kuliko mashahidi. Mwenye kesi kama yangu azitafute mapema. Asanteni sana.