Mrejesho: Altezza au Impreza ya kuongeza nguvu, nikiwa Mtwara

Wakuu, niliuliza nichukue gari gani iliyotumika niipandishe nguvu, Toyota Altezza au Subaru Impreza. Nimechukua Altezza RS200, gia sita za kukanyaga klachi. Impreza ya turbo inavutia, ila moyo ulibaki kwa injini ya RS200, 3S-GE: lita 2 bila turbo, nguvu za farasi 210, na gari inasukumwa na magurudumu ya nyuma. (Altezza nyingine, AS200, ina injini ya 1G-FE, tamu lakini ya polepole.)

Mliosisitiza nikague kutu, Mungu awabariki sana! Gari moja niliyoikagua Shangani iling'aa juu, chini imeliwa yote na chumvi ya bahari. Kwenye hii yangu nimeanza na breki, bushi na shokapu. Kwenye barabara ya Mikindani inashika kona vizuri mno. Ekzosi nitaifunga korosho zikishauzwa.