Mafuta ya karafuu kwa mbu: naweza kumpaka mtoto?

Mama Nunu, Kigamboni
Wapendwa, masika yameanza na mbu wa huku hawana adabu. Dawa ya mbu ya kuchoma nimeiacha, mwanangu wa miezi 4 anakohoa moshi ukimfikia. Jirani kaniletea kichupa cha mafuta ya karafuu kutoka Pemba, ati nimpake miguuni. Nimpake hivihivi au nichanganye na kitu?

Bi Makonyo, Chake Chake
Usimpake, mwanangu, hata ukichanganya. Mie nimekulia kwenye karafuu. Tone moja likigusa ulimi unakufa ganzi, ndiyo maana watu huyatia kwenye jino bovu. Ngozi ya kichanga itababuka. Tabu ya karafuu ni hii: mbu huikimbia ikiwa kali, na ukali huohuo ndio unaounguza ngozi. Ukiizimua kwa mafuta ya nazi mpaka isiwashe, unabaki unanukia vizuri na mbu anakula.

Mtoto ni chandarua chenye dawa, ukichomeke chini ya godoro pande zote. Hata akilala mchana, maana yule mbu wa madoadoa meupe, wa dengue, saa zake ni za mchana.

Wewe ukitaka kukaa barazani magharibi, tafuta kivumbasi. Kifikiche mpaka viganja viwe kijani, ujisugue miguuni, na urudie kila harufu ikipungua. Wengine huweka tawi bichi juu ya makaa. Iwe uani, moshi ni moshi tu.

Mwenye Miche, Muheza
Bi Makonyo kamaliza. Naongeza la mchaichai, maana watu wanaununua kwangu waupange mlangoni wakidhani ni askari. Mafuta yamo ndani ya jani, usipolivunja hayatoki. Nawauzia, ila nawaambia kabisa: huo ni wa chai.

Mama Nunu
Asanteni. Na yale mafuta ya mkaratusi wa limau ya duka la dawa?

Bi Makonyo
Yaliyotengenezwa mahsusi kwa mbu, kwako wewe sawa, yanadumu kuliko mchaichai. Mtoto chini ya miaka 3 hapana. Na hicho kichupa cha jirani kiweke juu kabisa ya kabati. Mtoto akiyanywa, hata kidogo, mbio hospitali.